Shangazi, daktari anataka kunitoa kizazi na mume wangu hataki

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44, naishi Morogoro. Nina watoto watatu niliowazaa katika ndoa yangu ya kwanza, na wa mwisho yuko darasa la saba. Miaka minne iliyopita niliolewa tena na mwanamume mwema ambaye naye ana watoto wake wawili. Kazi yangu ni mitumba. Nafungua marobota sokoni tangu alfajiri, na kazi hiyo ndiyo inayosomesha wanangu.

Tangu mwaka juzi siku zangu zimebadilika. Zamani nilikuwa naenda siku nne, sasa ni tisa mpaka kumi, na damu inatoka kwa mabonge. Navaa pedi mbili, juu yake najifunga khanga nyeusi, na bado nimewahi kuinuka kwenye stuli nikaacha doa mbele ya wateja. Miezi mingine damu inarudi katikati ya mwezi. Nikawa nachoka, moyo unakwenda mbio nikipanda ngazi chache, na nikaanza kutafuna udongo kama mjamzito. Mwezi uliopita nilianguka sokoni. Hospitali walikuta damu ni 6, wakaniongeza chupa mbili. Utrasaundi ikaonyesha vimbe nyingi kwenye kizazi, kubwa kuliko zote ina sentimita 9, na wakasema kizazi chote kimetanuka kama cha mimba ya wiki 18.

Daktari alinieleza kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu: "Mama, watoto unao, umri umekwenda, tunatoa kila kitu upumzike." Akanipangia tarehe, wiki tatu kutoka sasa. Nikatoka na karatasi mkononi bila kuuliza swali hata moja.

Nyumbani mambo ni mazito. Mume wangu hagombi, ila anasema tulikubaliana tujaribu kupata walau mtoto mmoja wetu. Mama mkwe amesema waziwazi kwamba mwanamke asiye na kizazi ni gogo, nitakuwa baridi kitandani na kijana wake ataoa mwingine. Wifi ameniletea chupa ya dawa ya kuyeyusha uvimbe, kanunua kwa mtu anayejitangaza mtandaoni. Na mama yangu mzazi ananikumbusha habari za mama mkubwa, aliyetolewa kizazi akiwa na miaka 38, na tangu hapo hakukaa sawa: joto kali usiku, hasira za ghafla, mifupa inauma.

Naomba unieleze kama mwanao. Ni lazima kizazi kitoke? Uvimbe huu ni saratani? Pale kinapotolewa panabaki shimo? Nitaendelea kuwa mke? Na ile fomu ya hospitali, anasaini mume au mimi?

Mama Mitumba, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Naanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linaloweza kukudhuru kabla ya mengine yote. Damu yako. Ile namba 6 ni kipimo cha wingi wa damu, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Wewe ulikuwa na nusu ya hiyo, ukawa unabeba marobota nayo. Chupa moja ya damu hupandisha kipimo kwa takriban 1, kwa hiyo zile mbili zimekufikisha kwenye 8 hivi, na hedhi ijayo itaanza kuzitoa tena. Hata ule udongo una maelezo yake: mwili ulioishiwa madini ya chuma hutamani vitu vya namna hiyo, na udongo wenyewe ukifika tumboni huyazuia yale machache unayokula yasifyonzwe. Uache.

Kwa hiyo usiisubiri tarehe ya upasuaji umekaa tu. Rudi hospitali wiki hii upime damu upya, uulize maswali mawili. La kwanza, dawa ya kuongeza damu: vidonge vya madini ya chuma, na kama muda hautoshi au tumbo linavikataa, yapo madini ya chuma yanayotiwa kwa dripu. Vidonge unywe na maji ya ndimu au chungwa, chai na kahawa zisubiri saa moja mpaka mbili, na choo kikiwa cheusi usishtuke. Dagaa, maini, maharage na mchicha ule, rozela unywe ukipenda, lakini pengo la kutoka 8 mpaka 12 haliwezi kuzibwa na rozela. La pili, dawa ya kupunguza damu yenyewe. Kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki vinavyomezwa siku za hedhi tu. Mweleze daktari kama umewahi kupata damu kuganda mguuni, maana hapo havifai. Kuna pia sindano zinazosimamisha hedhi kwa miezi michache na kusinyaza uvimbe. Ni ghali, lakini mara nyingine humwezesha mgonjwa kufika kwenye meza ya upasuaji akiwa na damu ya kutosha na uvimbe uliopungua. Ikibidi tarehe isogezwe ili damu ipande, isogezwe. Kupasuliwa ukiwa na damu kidogo kunaongeza hatari bila sababu.

Sasa huo uvimbe. Kwa maelezo yako unafanana na ule ambao madaktari wanauita faibroidi, unaotokana na misuli ya kizazi chenyewe. Si saratani, na ni nadra sana saratani kukutwa ndani ya uvimbe uliodhaniwa ni wa aina hiyo. Wanawake wengi sana wanao, na sisi weusi tunaupata mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Hujaupata kwa kijicho cha mtu wala kwa sindano za uzazi wa mpango. Unakua kwa homoni za kike, na homoni zikishuka baada ya kukoma hedhi, husinyaa wenyewe. Ndiyo maana mwenye uvimbe usiomsumbua, aliyeugundua kwa bahati alipopimwa jambo lingine, hana haja ya kupasuliwa, na msomaji wangu yeyote anayeambiwa akatolewe kizazi kwa sababu tu utrasaundi imeona kitu, aulize mara mbili. Wewe hali yako ni nyingine. Hedhi kwa wengi hukoma karibu na miaka 50. Una miaka 44 na umeshaanguka sokoni. Kukuambia usubiri miaka sita nitakuwa nakuumiza.

Je, ni lazima? Kuna nyakati kizazi hutolewa kwa sababu hakuna namna nyingine ya kumwokoa mwanamke. Saratani ya kizazi chenyewe, saratani ya mlango wa kizazi ikikutwa mapema, saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai. Mzazi anayetokwa damu baada ya kujifungua na kila dawa imeshindwa, au kizazi kilichopasuka wakati wa uchungu, au kondo la nyuma lililozama kwenye kovu la upasuaji wa zamani likakataa kutoka. Hapo hakuna mjadala mrefu. Kisha kuna hali ambazo kizazi hakikuui leo ila kinakuharibia maisha: kizazi kushuka, ukuta wake wa ndani kuota katikati ya misuli na kuleta maumivu yasiyovumilika, damu isiyokoma, na uvimbe kama wako. Katika kundi hili la pili kutoa kizazi ni njia mojawapo, huja baada ya njia ndogo kushindwa au kutofaa, na mwenye mwili ana haki ya kujua zile nyingine ni zipi.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, vipimo viwili vifanyike kama havijafanyika. Kipimo cha mlango wa kizazi, maana saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Na kuchukuliwa kinyama kidogo kutoka ukuta wa ndani wa kizazi kikapimwe maabara. Umekaribia miaka 45 na damu inakuja katikati ya mwezi. Hatuwezi kuutupia uvimbe lawama zote bila kuangalia. Majibu hayo yanaweza kubadili aina ya upasuaji, hata mahali pa kuufanyia. Yasipokuwepo, muulize daktari kwa upole: "Tumeshahakikisha hakuna saratani?"

Njia nyingine zipo. Kitanzi chenye homoni hupunguza damu vizuri sana, lakini kizazi kilichotanuka na kupinda kama chako mara nyingi hukitema. Kwenye baadhi ya hospitali kubwa kuna utaalamu wa kuziba mishipa inayolisha uvimbe, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani au mkononi, bila kupasua tumbo. Na kuna kutoa vimbe peke yake na kukiacha kizazi. Hii ndiyo njia ya mwanamke anayetaka kuzaa bado, na ndiyo inayogusa maneno ya mume wako, kwa hiyo nitakueleza bila kukuficha. Inawezekana kufanyika kwako. Lakini vimbe zikiwa nyingi damu humwagika sana mezani, mara chache daktari hulazimika kukitoa kizazi papo hapo ili kukuokoa, na hilo uambiwe kabla hujapewa dawa ya usingizi. Vimbe zinaweza kuota tena. Na ukipita salama, utakuwa na miaka 45 au 46 ndipo uanze kutafuta mimba, umri ambao kushika mimba kwa kawaida ni kwa nadra, mimba nyingi hutoka, na ikifika mwisho pengine utajifungua kwa upasuaji kwa sababu ya yale makovu. Sisemi usiichague. Nasema mume wako ayasikie haya yote kutoka kwa daktari, na wewe ujiulize ukiwa peke yako kama mtoto huyo unamtaka wewe, au unamtaka kwa kuogopa kuachwa.

Kama damu yangu ingekuwa imefika 6 na watoto wangu watatu wananitegemea, ningeelekea kwenye kutoa kizazi. Hayo ni maoni yangu.

Lakini si "kila kitu". Neno hilo ndilo lililonikosesha raha katika barua yako nzima. Kizazi ni kitu kimoja, mlango wake ni kingine, mirija inayopitisha mayai ni kingine, ovari ni nyingine, na kila kimoja kina hesabu yake. Ovari mbili ndizo zinazotengeneza homoni. Zikitolewa kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, anakoma siku hiyohiyo, bila ile miaka ya mwili kuzoea polepole: joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi kupaa, uke kukauka, hasira, na baada ya miaka mifupa kudhoofika na hatari ya ugonjwa wa moyo kupanda. Sasa zisome tena habari za mama yako mkubwa. Sina faili lake, lakini nikisikia miaka 38, joto usiku na mifupa, ninahisi alitolewa ovari na hakupewa homoni za kufidia. Kama ndivyo, kilichomtesa si kukosa kizazi.

Uvimbe wa kizazi hauhitaji ovari zitolewe. Kwa umri wako, kama zina afya na ukoo wenu hauna historia ya saratani ya ovari au ya matiti kwa wanawake vijana, kawaida huachwa. Zikibaki utaendelea kuwa na homoni zako. Hedhi haitakuwepo kwa sababu pa kutokea hapapo, na pengine ukomo wenyewe utakuja mapema kidogo kuliko ambavyo ungekuja. Ikiwa daktari ana sababu ya kuzitoa, akutajie sababu hiyo, na akueleze utatumia homoni gani baadaye na mpaka lini. Mirija ni habari tofauti: haitengenezi homoni, na saratani nyingi za ovari huanzia humo, hivyo wataalamu wengi hushauri itolewe pamoja na kizazi. Mlango wa kizazi unaweza kutolewa au kuachwa. Ukiachwa, utaendelea kupimwa saratani kama zamani na wengine huona matone ya damu kila mwezi. Kwa nchi yenye saratani nyingi ya hapo, mimi ningeomba utolewe, labda daktari akute umeshikana na kibofu kiasi kwamba kuutoa ni hatari.

Haya yote yaandikwe kwenye fomu kwa majina yake. Fomu ikisema tu "upasuaji wa kizazi", omba ijazwe sawasawa kabla hujasaini.

Panabaki shimo? Hapabaki. Utumbo na kibofu hujaza nafasi mara moja, na juu ya uke hushonwa pakafungwa. Kitandani? Uke ni uleule, kinembe ni kilekile, hamu huja kwa homoni na kwa mapenzi mliyonayo. Wanawake wengi waliokuwa wakivuja siku kumi kila mwezi husema tendo limekuwa bora baadaye, kwa kuwa maumivu na woga wa kuchafua vimekwisha. Wapo wachache wanaosema kuna tofauti, kama ile mitetemo ya kizazi wakati wa kufika kileleni, nao wasidharauliwe. Ukavu ukitokea una dawa. Wapo pia wanaolia miezi kadhaa hata kama hawakutaka kuzaa tena, na kilio hicho ni cha haki. Usikubali mtu akuharakishe. Mama mkwe usibishane naye. Mwanamke aliyezaa watatu na kuwasomesha kwa mitumba haitwi gogo.

Dawa ya kwenye chupa irudishe kwa wifi, umshukuru kwa kujali. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuweka ukeni inayojulikana kuyeyusha uvimbe wa sentimita 9, na wauzaji hao hawaonyeshi utrasaundi ya kabla na ya baada iliyopimwa na mtu asiyelipwa nao. Za kunywa zinaweza kuumiza ini na figo, za kuweka zinaunguza na kuleta maambukizi. Na kila mwezi unaopita ukiijaribu ni siku kumi nyingine za damu.

Fomu ni yako. Wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu, mwili ni wako, na sahihi inayotakiwa ni yako. Hospitali nyingi huomba mume au ndugu aweke ya kwake pia, wakitaka familia ijue, na hakuna ubaya, lakini yake haichukui nafasi ya yako na kukataa kwake hakukuzuii. Hata hivyo, huyu mumeo anaonekana ni mtu wa kuzungumza naye. Nenda naye kliniki. Muombe daktari dakika kumi, mume aione picha ya utrasaundi na namba ya damu. Wanaume wengi hubadilika wakiona kwamba mtu anayezungumziwa alikuwa na damu 6. Na mkitoka hapo bado na shaka, mna haki ya kuonana na daktari bingwa mwingine wa magonjwa ya wanawake kabla ya tarehe. Daktari mzuri hachukii.

Upasuaji wenyewe unaweza kupitia tumboni, ukeni, au kwa matundu madogo na kamera. Kwa kizazi cha wiki 18 hospitali nyingi zetu zitapitia tumboni, pengine kwa mshono wa kusimama. Ni upasuaji mkubwa, nao una hatari zake: damu, maambukizi, kujeruhiwa kibofu, mrija wa mkojo au utumbo, damu kuganda miguuni. Si za kila mtu, lakini uzijue. Ndugu waandaliwe kuchangia damu. Utalala wodini siku mbili mpaka nne, na wataanza kukusimamisha mapema hata kama unaona maumivu. Tembea, ndivyo damu isivyoganda.

Halafu wiki sita, na hapa ndipo ninapokuogopea zaidi, kwa sababu naijua mitumba. Robota lina kilo 45. Hutaligusa. Wala ndoo ya maji iliyojaa, wala kuinama kuchagua nguo siku nzima. Tafuta sasa hivi, kabla ya kulazwa, nani atakaa kibandani na nani atafungua mizigo, na mweleweshane malipo. Kama mpo kwenye kikundi cha kukopeshana, omba zamu yako ya kupokea iangukie mwezi huo. Tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari akukague kwenye wiki ya sita au ya nane, maana ule mshono wa ndani ukiachia ni hatari.

Ukiwa nyumbani, rudi hospitali bila kungoja asubuhi ukiona homa, usaha au harufu mbaya, damu nyingi nyekundu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata au kifua kuchoma, mkojo kugoma, au mkojo kuvuja wenyewe bila kukoma. Huo wa mwisho wanawake huuficha kwa aibu miaka na miaka. Unatibika, kwa hiyo useme siku ileile.

Shangazi